Beryl Markham na Upepo wa Milimani

Ikiwa unaishi Lushoto, au umewahi kupanda kwa basi kutoka Mombo kupitia Soni, bila shaka umesikia habari za Irente. Mahali hapo mlima hukatika ghafula, na chini yake huonekana kijiji cha Mazinde na nyika iliyotanda hadi upeo wa macho. Ukisimama hapo mchana wa jua kali, utaona jambo la kustaajabisha. Kipanga hutokea chini yako, akiwa ametandaza mabawa yake bila kuyapiga hata mara moja. Huzunguka na kuzunguka, na kila mzunguko humpandisha juu zaidi, mpaka akupite wewe uliyesimama juu ya jabali.

Ni nini kinachompandisha? Ni hewa. Jua huipasha joto nyika na uso wa jabali, nayo ardhi huipasha joto hewa iliyo karibu nayo. Hewa yenye joto hutanuka, huwa nyepesi, na hupanda. Upepo nao, ukikutana na mlima, hulazimika kuupanda. Kipanga hukaa ndani ya hewa hiyo ipandayo, nayo humchukua. Lakini kumbuka jambo moja: hewa ikipanda mahali pamoja, hushuka mahali pengine. Mwenye mabawa asipojua hewa inashuka wapi, yumo hatarini.

Katika somo hili utasoma maisha ya rubani mmoja wa Afrika Mashariki aliyelijua jambo hilo kwa njia ngumu, mbele ya mwalimu asiyependa mzaha. Yeye hakufundishwa Usambara, alifundishwa Nairobi. Lakini sheria za hewa ni zile zile juu ya vilima vya Ngong na juu ya milima yako. Jina lake ni Beryl Markham.

Utoto wake

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Alipokuwa na umri wa kama miaka minne aliletwa Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alifungua shamba huko Njoro na kufuga farasi wa mashindano. Mama yake alirudi Uingereza, naye Beryl akabaki na baba. Alikua pamoja na watoto wa Kiafrika wa shambani, akajifunza Kiswahili, na akafuatana na wawindaji wa Kinandi porini akiwa na mkuki. Mwindaji mwema huuchungulia upepo kabla ya kuchungulia mnyama, kwa maana upepo ukivuma kutoka kwake kwenda kwa mnyama, harufu yake hufika kwanza na mawindo hukimbia. Basi mtoto huyu alianza mapema kutambua kwamba upepo, ingawa hauonekani, una mwelekeo na una matokeo.

Alipokuwa kijana, ukame uliharibu mali ya baba yake, naye baba akahamia Peru katika Amerika ya Kusini. Beryl alibaki Kenya. Alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, na farasi wake walishinda mara nyingi. Jina la Markham alilipata baadaye, kwa ndoa. Alikuwa mtu mwenye kazi yake na sifa zake. Hata hivyo, alipokaribia umri wa miaka thelathini, alikubali kuwa mwanafunzi tena, aanze jambo jipya kabisa tangu herufi ya kwanza.

Mwalimu wake

Mwalimu huyo aliitwa Tom Campbell Black. Alikuwa Mwingereza, rubani wa Wilson Airways, shirika la ndege lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929. Alikuwa hodari wa kusafiri juu ya nchi ambazo wakati ule hazikuwa na viwanja wala ramani za kuaminika. Mwaka 1931 alimpata na kumwokoa rubani maarufu wa Kijerumani, Ernst Udet, aliyekuwa amekwama na ndege yake katika nchi ya mabwawa ya Mto Nile, Sudani.

Masomo yalianza alfajiri, kabla jua halijaichafua hewa. Ndege ya kujifunzia iliitwa Gipsy Moth. Ilikuwa ndogo, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na viti viwili vilivyo wazi, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kila kiti kilikuwa na usukani wake. Hivyo mwalimu aliweza wakati wowote kuuchukua uongozi wa ndege kutoka kwa mwanafunzi. Lakini Campbell Black hakuwa na haraka ya kufanya hivyo. Hakusifu ovyo, wala hakuonya kila dakika. Alimfundisha Beryl kuiamini dira kuliko hisia zake mwenyewe, maana mtu akiwa ndani ya mawingu hudhani anakwenda mbele kumbe anazunguka. Na aliamini kwamba yako makosa ambayo mwanafunzi hana budi kuyafanya mwenyewe, mradi mwalimu yupo karibu.

Somo la vilima vya Ngong

Siku moja Beryl aliielekeza ndege kwenye vilima vya Ngong, vilivyo upande wa kusini-magharibi ya Nairobi. Vilele vyake hufikia karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Alitaka kuvipita kwa juu. Walipokaribia, ndege ilianza kushuka. Aliongeza nguvu ya injini. Ndege iliendelea kushuka. Alivuta usukani, pua ya ndege ikaelekea juu, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, na bado ndege ilizidi kushuka huku vilima vikikua mbele yake. Mwalimu alikaa kimya. Hakugusa kitu. Mwishowe kabisa, ilipobaki nafasi ndogo, aliushika usukani wake, akaigeuza ndege na kuitoa karibu na vilima. Ndipo alipomweleza kwamba amekutana na mkondo wa hewa ishukayo, kwamba jambo hilo ni la kawaida karibu na milima ya Afrika, na kwamba angeweza kumwonya mapema lakini hakutaka kumnyang'anya haki yake ya kukosea.

Hebu tufikiri. Kwa nini ndege iliyoelekeza pua juu iliendelea kushuka? Mfikirie mtu anayepiga kasia katika mtumbwi kwenye Mto Pangani, akielekea upande wa juu wa mto. Tuseme anapiga kasia kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, na maji yanashuka kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Mtu huyu anafanya kazi kwa bidii, na pua ya mtumbwi inaelekea juu. Lakini mtu aliyesimama ukingoni atamwona akirudi nyuma kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa. Ndege nayo imo ndani ya mto, mto wa hewa. Ikiwa ndege inaweza kupanda mita 150 kwa dakika, na hewa inashuka mita 200 kwa dakika, basi kila dakika ndege itapoteza mita 50.

Kuvuta usukani zaidi hakusaidii, bali huongeza hatari. Bawa la ndege huisukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Ili hilo litendeke, hewa sharti ipite juu ya bawa bila kukatika. Pua ikiinuliwa mno, hewa huachana na uso wa bawa, kani ya kuinua hupungua ghafula, na ndege huanguka. Njia ya kujiokoa ni kugeuka mapema, kuuacha mlima, na kuitafuta hewa nyingine.

Liko jambo la pili. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyembamba zaidi. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi, karibu mita 1,700. Katika mwinuko huo, hewa iliyomo katika kila mita ya ujazo ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko hewa ya Tanga. Kwa hiyo bawa hupata hewa kidogo ya kusukuma, na injini hupata hewa kidogo ya kuunguzia petroli. Ndege ile ile inayopanda upesi pwani hupanda polepole milimani.

Sasa tazama Usambara yako. Upepo utokao Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki na kusini, hupoa, hufanya mawingu na kunyesha mvua. Ndiyo maana Amani kuna misitu minene. Upepo ukivuka safu ya milima huteremka upande wa pili, umekwisha kuacha maji yake njiani. Ndiyo sababu moja ya nyika ya Mkomazi kuwa kavu. Hewa hiyo iteremkayo ndiyo aina ya mkondo unaoweza kuisukuma ndege ndogo chini. Mkulima wa Lushoto huuona upepo kwa mvua yake. Rubani huuona kwa mwinuko anaoupoteza.

Msiba, na kurudi uwanjani

Katika majira yale yale Beryl alipokuwa akijifunza, ulitokea msiba mkubwa. Rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikuwa mwindaji na rubani mwenye ndege yake. Alikuwa amekwenda Voi kutafuta tembo kutoka angani. Voi iko kaskazini ya Usambara, ng'ambo ya nyika ya Mkomazi, chini ya vilima vya Taita ambavyo ni ndugu wa milima yako katika safu moja ya Milima ya Tao la Mashariki. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, mara baada ya kuruka kutoka Voi, ndege yake ilianguka na kuwaka moto. Finch Hatton alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Beryl alikuwa amekaribishwa katika safari ile. Mwalimu wake alikuwa amemsihi asiende.

Fikiri ungefanya nini. Wengi wangeiacha kazi hiyo, wala hakuna ambaye angewalaumu. Beryl alirudi kwenye mafunzo. Mwalimu hakumlegezea masharti kwa sababu ya huzuni, kwa kuwa hewa nayo haimlegezei mtu masharti. Mwezi Juni mwaka ule ule aliirusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza, kiti cha mwalimu kikiwa kitupu. Mwezi Julai alipata leseni ya daraja la A. Mwezi Aprili 1932, akiwa na uzoefu wa chini ya mwaka mmoja, alisafiri peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza katika ndege ndogo aina ya Avro Avian, akipita juu ya Sudani na Misri.

Kurudi darasani tena

Leseni ya daraja la A ilimruhusu mtu kurusha ndege kwa ajili yake mwenyewe tu. Haikumruhusu kuchukua abiria au mizigo kwa malipo. Kwa kazi hiyo ilihitajiwa leseni ya daraja la B, nayo haikupatikana kwa ushujaa. Mtahiniwa alipaswa kuifahamu injini na sehemu zake, kupima njia katika ramani kwa hesabu, na kuzijua sheria za anga. Mtu aliyekwisha kufika Uingereza peke yake angeweza kujiona amekwisha kujua. Beryl alirudi kwenye vitabu na vyuma. Wakati huo Campbell Black alikuwa amekwisha kuondoka Kenya, na hapakuwa na mtu wa kukaa naye na kuushika usukani katika dakika ya mwisho. Mwaka 1933 alifaulu, akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupata leseni ya urubani wa biashara.

Tangu hapo alipeleka barua, abiria, dawa na vifaa mahali ambapo magari hayakufika kwa urahisi, na aliwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Tangu siku za farasi hadi siku za ndege alifanya kazi pamoja na arap Ruta, rafiki yake wa utotoni. Hapa yafaa ujue pia kwamba katika siku zile za ukoloni Waafrika hawakupewa nafasi ya kujifunza urubani katika nchi hizi. Arap Ruta aliihudumia ndege, lakini kiti cha mwanafunzi hakikuwekwa kwa ajili yake. Kosa hilo lilikuwa la utawala. Sheria za hewa hazibagui rangi wala jinsia.

Kuivuka Atlantiki

Mwaka 1936 Beryl alikusudia kuivuka Bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza kwenda Amerika. Safari hiyo ya kwenda magharibi ilikuwa ngumu kuliko ya kurudi mashariki, kwa sababu pepo za bahari ile huvuma zaidi kutoka magharibi. Ndege yake, aina ya Vega Gull, ilikuwa na injini moja. Haikuwa na redio. Matangi ya ziada ya petroli yaliwekwa hata ndani ya chumba alimokaa.

Aliruka kutoka Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba. Usiku, katikati ya mvua na giza, petroli ya tangi moja ilikwisha na injini ikazimika. Alifungua bomba la tangi jingine, lakini injini haikuwaka mara moja. Bila injini, mkono wa mtu mwenye hofu hutaka kuvuta usukani ili ndege isishuke. Beryl alikuwa amefundishwa kinyume chake. Aliielekeza pua chini, kwenye bahari asiyoiona, ili hewa iendelee kupita juu ya mabawa. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, ilibaki kama mita mia moja tu injini ilipowaka. Lile somo la Ngong lilikuwa limemfikisha hapo.

Asubuhi aliiona nchi kavu, lakini injini ilianza kukohoa tena, ingawa petroli ilikuwamo tangini. Ilionekana kwamba barafu ilikuwa imeziba tundu la kupitishia hewa katika tangi la mwisho. Petroli haiwezi kutoka vizuri ikiwa hewa haiwezi kuingia na kujaza nafasi yake. Nawe unajua kwa nini palikuwa na barafu: hewa hupoa kadiri unavyopanda, kiasi cha nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana unavaa sweta Lushoto siku ambayo watu wa Mombo wanatafuta kivuli.

Alitua kwa lazima huko Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton nchini Kanada, baada ya kuruka zaidi ya saa 21. Alichodhani ni uwanja kilikuwa kinamasi. Pua ya ndege ilizama topeni, naye akaumia kwenye paji la uso. New York aliyoikusudia hakuifikia kwa ndege yake. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake, bila kutua, kutoka mashariki kwenda magharibi.

Majuma mawili baadaye, tarehe 19 Septemba 1936, Campbell Black alikufa. Miaka miwili kabla yake, yeye na mwenzake C. W. A. Scott walikuwa wameshinda mashindano makubwa ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda wa karibu saa 71. Lakini hakufa angani. Alikuwa chini, uwanjani Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga ndege yake.

Beryl alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1942. Baadaye alirudi Kenya na kufunza farasi tena. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Katika maisha haya, mwanafunzi, usistaajabie ushujaa peke yake. Mashujaa wengi walianguka baharini katika kuijaribu safari ile ile. Angalia zaidi kwamba mtu huyu alirudi kujifunza mara mbili: mara ya kwanza alipokuwa na sababu ya kuogopa, na mara ya pili alipokuwa na sababu ya kujivuna. Mara ya pili ndiyo ngumu zaidi.

Jaribio

Chukua chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha. Toboa tundu dogo ubavuni, karibu na kitako. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, kisha funga kifuniko vizuri. Ondoa kidole. Maji yatatoka kidogo, kisha yataacha. Sasa legeza kifuniko. Andika unachokiona, na ueleze jinsi kinavyofanana na tangi la ndege ya Beryl.

Maswali

1. Kwa nini kipanga anaweza kupanda juu Irente bila kupiga mabawa?
2. Ndege inapanda mita 120 kwa dakika ndani ya hewa ishukayo mita 180 kwa dakika. Baada ya dakika 3 itakuwa imepoteza mita ngapi?
3. Kwa nini ni hatari kuinua mno pua ya ndege?
4. Mombo iko chini ya Lushoto kwa karibu mita 1,000. Pima joto la hewa la mahali unapoishi saa 8 mchana kwa siku tano. Kadiria joto la mahali palipo mita 1,000 juu yako au chini yako.
5. Je, mwalimu wa Beryl alifanya vema kunyamaza karibu na vilima vya Ngong? Jadilianeni darasani, na kila mmoja atoe sababu zake.